Kinywa Kisichofunga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila babako na goti lake. Kifurushi hiki nimekitia kwenye basi la asubuhi kutoka Mokowe. Kifungue mwenyewe, usimwachie mtu akufungulie.

Nduguyo ameniambia kuwa utafunga Ramadhani yote, tangu siku ya kwanza, kwa sababu wenzako wa chumbani wataanza kuuliza. Mimi hukuniambia. Ulijua nitakujibu nini, basi jibu ndilo hilo: usifunge.

Kwenye simu uliniuliza jambo jingine, ukalifanya mzaha. Mhadhiri wa mimea kaandika "stoma" ubaoni, na mkono wako ukaenda tumboni wenyewe, pale mpasuaji alipokutolea utumbo nje. Ukataka kujua kama ni neno moja na lile la hospitali. Ni moja. Asili yake Kigiriki, maana yake kinywa, na daktari akiandika stomatitisi, yaani uvimbe wa kinywa, anazungumzia kinywa hiki hiki cha kulia. Marcello Malpighi, tabibu wa Bologna aliyeona kapilari, mishipa myembamba kabisa ya damu, mwaka 1661, ndiye huyo huyo aliyekuja kulichungulia jani kwa hadubini, kwa hiyo watu wa tiba na watu wa mimea kuazimana maneno si jambo geni. Nami nimelifundisha miaka mingi. Napaka rangi ya kucha chini ya jani, ikikauka naibandua, vitundu vinaonekana vyote kwenye hadubini. Ile maana ya hospitali nilikuja kuisikia kwa mpasuaji wako, akabaki kunikazia macho hajui nacheka nini.

Lakini ipo tofauti, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Kinywa cha jani kina seli mbili za ulinzi, moja huku na moja huku. Zikijaa maji zinajipinda, tundu linafunguka. Jani likipungukiwa na maji zinalegea, tundu linajifunga. Mnanasi ni mjanja zaidi, hufungua usiku, jua likiwaka hufunga. Chako wewe hakina mlinzi. Ni ncha ya utumbo mwembamba iliyotolewa nje na kushonwa kwenye ngozi. Haina msuli wa kuibana, ukiigusa haiumi, wala haijui kama umekula daku au umelala na njaa. Kinywa hicho hakifungi, na wewe mwenyewe usifunge.

Kazi ya utumbo mpana ni kurudisha maji mwilini pamoja na chumvi. Wako umepumzishwa. Maji yanatoka na chumvi inatoka nayo, kutwa nzima, na wewe uko Kilifi kwenye joto unangoja adhana ya magharibi! Usiniambie utafidia kwa kunywa sana usiku. Maji matupu yakiwa mengi yanapita tu, na njiani yanazoa chumvi nyingine. Nimekuwekea pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, zichanganye kwa kipimo kilichoandikwa, usikisie. Madafu si badala yake, aseme babako atakavyosema: yana potasiamu nyingi, lakini chumvi hii ya kawaida ni kidogo. Mchu wa kwetu, ule mkoko, hutoa chumvi juu ya majani, ukilamba unaionja. Ule unayo ya kutupa, wewe huna. Ukiona mkojo umekoza, kizunguzungu, misuli ya miguu inakaza, usinipigie mimi kwanza. Nenda zahanati ya chuo.

Ukaidi huo najua umeutoa wapi. Nilikuzoesha kufunga ungali mdogo, nikawa najisifu nako mtaa mzima wa Langoni. Na ulivyobadilisha mfuko wa tumboni unaopokea choo peke yako kabla nesi hajarudi, nilimhadithia babako mpaka akachoka kunisikiliza. Lakini Mola mwenyewe kwenye Suratul Baqara amewakunjulia wagonjwa na wasafiri, wahesabu siku nyingine. Mpasuaji akishaziunga ncha za utumbo ukapona, utalipa. Kuunga huko wanakuita anastomosi, na mhadhiri wako atakuja kulitaja neno hilo pia siku ya mishipa ya jani inayokutana ikafanya wavu, usije ukashtuka tena. Nimemuuliza na maalimu habari ya sala. Kasema utawadhe kila wakati wa faradhi ukishaingia, uswali, hata mfuko ukiwa unajaa.

Wenzako wakiuliza, waambie unaumwa, basi. Wala usisingizie hedhi, mwezi mzima nani atakuamini? Shangazi yako mpaka leo anadhani ulitolewa kidoletumbo, na aliyemwambia hivyo anajulikana. Kuficha hukujifunzia Kilifi. Hilo tutalizungumza ukija Idi.

Kashata za nazi alizokupikia bibi nimezitoa, nimekuwekea visheti. Chicha za nazi zinaweza kukuziba; tui halina neno. Mahindi ya kuchoma na njugu vilevile, usidanganyike na wauzaji wa stendi. Bibi hajui kuwa nimezitoa, akikupigia mshukuru tu. Birika la uani linavuja tena, fundi anasema ni chokaa, na kila akija anataka kahawa kwanza.

Mfuko umwage ukifika thuluthi, usingoje ujae, khasa ukiwa safarini. Na ukipime upya hicho kinywa kwa ile karatasi yenye matundu. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji huwa kinasinyaa, na tundu la plasta inayoshika mfuko likiwa kubwa kuliko chenyewe ngozi ya pembeni inababuka. Nitumie kipimo kwa milimita kabla ya Alhamisi. Nduguyo anakwenda Mombasa, na asipopewa kipimo ataleta chochote atakachokiona dukani. Hapo hapo uniandikie kwamba hufungi, kwa mkono wako, si kwa kupitia kwa nduguyo.

Mamako