Kwenu vijana wa asasi, mfadhili ameondoka

Wanangu,

Marahaba kwa wote mlionisalimu, na poleni kwa yaliyowakuta. Tangu Januari 2025, Rais Trump aliposaini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani siku ile ile aliyoapishwa, wengi wenu mmerudi nyumbani. Kompyuta za mradi mmezikabidhi, gari lenye namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, limeegeshwa, mikataba imekatwa kabla ya muda wake. Julai mwaka huo huo USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa. Waingereza nao wametangaza kwamba kufikia 2027 watapunguza misaada yao hadi asilimia 0.3 ya pato lao, ilhali Umoja wa Mataifa tangu 1970 unazitaka nchi tajiri zitoe asilimia 0.7. Kwa hiyo anayewaambia mambo yatarudi kama zamani anawafariji tu.

Nimeyasikiliza mabishano yenu. Kundi moja linasema afadhali yaishe, misaada ndiyo iliyotulemaza. Kundi la pili limeshaanza kuulizana nani anamjua nani ubalozi wa China, nani ana namba ya mtu wa Ghuba. Mmeniomba niseme neno kwa kuwa nilikuwa fundi wa maji huku Mtwara na Lindi enzi za Wafini. Mshahara nililipwa na serikali, lakini pikipiki niliyoipanda na spana niliyoishika vilitoka Finland. Basi nitasema, na naomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjajibu.

Nianze na nyinyi mnaosema afadhali yaishe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mlikuwa wadogo, wengine hamjazaliwa. Sisi tulikuwa tunazika. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwepo duniani, ila kwa mtu wa Newala au Tandahimba zilikuwa habari za redioni. Zilipoanza kutolewa bure katika hospitali zetu kuanzia 2004, sehemu kubwa ya fedha ilitoka Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulioanzishwa 2002, na PEPFAR, mpango wa Marekani wa UKIMWI alioutangaza Rais Bush mwaka 2003. Leo nina majirani wanaopalilia mikorosho yao na kusomesha watoto, ambao kama si vile vidonge tungekuwa tunawasomea hitima. Nendeni mkawaambie hao kwamba msaada ni sumu, muone watakavyowatazama. Hata shule mlizosoma: mwaka 2001 tulisamehewa sehemu ya deni la taifa, ada ya shule ya msingi ikafutwa, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ukaanza 2002. Watoto wa shule za msingi walikuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000. Kufikia 2005 walikuwa zaidi ya milioni 7. Madarasa yalifurika, walimu hawakutosha, wengine wenu mlikaa sakafuni, hilo nalijua. Lakini mlikuwa shuleni.

Na sisi wakubwa tuliula ule unga wa yanga, mahindi ya njano ya Marekani, wakati wa njaa ya miaka ya 1970. Tuliucheka, tukautungia utani wa mpira, tukausonga, tukala. Sijawahi kuona aibu juu ya hilo.

Sasa upande wa pili. Hapa nitakaa, maana ndipo nilipofanyia kazi.

Mwaka 1971 serikali ilipanga kwamba ndani ya miaka 20, yaani hadi 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Fedha hatukuwa nazo. Wahisani wakaja, na wakagawana ramani. Mtwara na Lindi zikawa za Finland. Iringa, Mbeya na Ruvuma zikaenda kwa Denmark, mikoa ya Ziwa Victoria kwa Sweden, Shinyanga na Morogoro kwa Uholanzi, Rukwa na Kigoma kwa Norway, Tanga kwa Ujerumani Magharibi. Kila mmoja alikuja na mpango kabambe wake, wataalamu wake na pampu yake. Huku kwetu pampu ilikuwa Nira ya Kifini. Waholanzi walikuwa na SWN. Kwingine utakuta India Mark II. Fundi wa Masasi akihamishiwa Shinyanga anaanza kujifunza upya, na spea ya huku haiingii kule. Ilikuwa wizara moja, nchi moja, lakini chini ya ardhi tulikuwa na nchi sita.

Ile Nira AF-85 sitaisema vibaya. Haina mkono mrefu wa chuma kama pampu nyingine. Ina mpini wa mlalo unaoushika kwa mikono miwili, unauvuta juu na kuukandamiza chini, na fimbo yake ya ndani ni bomba la plastiki, jepesi. Watu wawili wenye spana wanaweza kuitoa yote kisimani bila winchi. Kasoro yake ni kina: ikizidi mita 15 hivi inakuwa kazi ya punda. Kwa hiyo ilifaa mabondeni. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yako mbali sana chini, tuliendelea kutegemea mitambo ya kusukuma maji kutoka bondeni, na mtambo hauendi bila dizeli au umeme. Hilo ni somo jingine.

Kinachokufa kwanza kwenye pampu ile ni mpira wa pistoni. Ni kitu cha kushika kiganjani. Mradi ulipokuwepo, mpira ulitoka stoo ya mradi, bure, ukaletwa na mimi kwa pikipiki. Sasa fikirini mwenye duka la vifaa pale Masasi mjini: aweke mpira wa pampu dukani amuuzie nani, na mradi unaugawa? Hakuuweka, na alikuwa na akili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi ulipofungwa, stoo ikaisha, na duka lilikuwa halijaanza. Pampu yenye chuma kizima, bomba zima, zege zima, ikasimama kwa kukosa mpira. Akina mama wakarudi kwenye visima vya kufukua mchangani. Nimeziona pampu za namna hiyo zimeanikwa nguo.

Mnaona ubaya ulipoingilia? Msaada ulikuwa wa kweli, pampu ilikuwa nzuri, Wafini niliofanya nao kazi walikuwa watu wa kujituma, wakilala kwenye mahema na kula muhogo kama sisi. Lakini bure yao ilimzuia muuza spea asizaliwe, na ilimzuia mwenye kisima asizaliwe. Kisima kiliitwa "cha Wafini". Mpini ukivunjika, mwenyekiti wa kijiji aliuandikia barua mradi, hakuitisha mkutano. Isitoshe, kwa miaka mingi sera yetu wenyewe ilikuwa maji ya bure vijijini. Sera ya maji ya 1991 ikageuka, ikataka mwananchi achangie. Mfadhili anafunga mizigo, na siku hizo hizo kijiji kinaambiwa kifungue mfuko wa maji. Kamati zikaundwa kwa semina ya mchana mmoja, soda na posho. Mweka hazina akapewa daftari jipya, basi.

Kuna mahali msaada uliumiza kuliko huku. Kule Hanang, tangu miaka ya 1970, Canada ilisaidia mashamba makubwa ya ngano chini ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo. Ngano ilivunwa kweli. Ila ile ardhi ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na hadi makaburi ya wazee wao yakaingia kwenye matrekta. Hesabu ya mradi ilikuwa inahesabu magunia, na mfugaji hakuwa na safu yake kwenye jedwali.

Masharti nayo mnayajua, nisiwachoshe. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipotubana kuhusu uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki na kuondoa msaada wa kijeshi, Mwalimu Nyerere aliwaambia wachukue na uliobaki. Desemba mwaka huo akavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Tulijivuna, na tuliumia. Mwaka 2014 ilipokuja kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow, wahisani walizuia fedha za bajeti. Machi 2016 Wamarekani wakasitisha mpango wao wa misaada wa MCC wa dola milioni 472 kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Mimi binafsi naona kwenye Escrow walikuwa na haki ya kuuliza. Kinachoniuma ni kwamba waziri wetu alimwogopa balozi kabla hajamwogopa mpiga kura wa Nanyumbu. Mtu anamtumikia anayemlipa, na kodi ya mpiga kura ikiwa kidogo kwenye bajeti, sauti yake nayo inakuwa kidogo.

Nyinyi mnaotaka kukimbilia China, nendeni, sina ugomvi. Reli ya TAZARA mnaijua, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kutuambia haina faida. Ujenzi ulianza 1970 na reli ikakabidhiwa 1976. Wachina waliofia kazini wamezikwa pale Gongo la Mboto, na siku mkipita mnaweza kuingia mkayaona makaburi. Ile ilikuwa hisani ya hali ya juu. Lakini ulizeni vichwa vya treni vilivyofanya kazi miaka iliyofuata vilikuwa vingapi, na vya kung'olewa spea vilikuwa vingapi. Mfadhili akibadilika rangi, mpira wa pistoni haubadiliki bei.

Kwa hiyo ninachowaomba ni jambo moja, na mlifanye kabla ya kuandika andiko lolote la kuomba fedha. Kaeni na watu wa kijiji, mwandike nani atanunua nini, kwa fedha ipi, mwezi wa kwanza baada ya nyinyi kuondoka. Muandike jina la duka. Kama duka halipo, basi fedha ya kwanza ya mfadhili imkopeshe mtu mmoja mwenye kibanda aweke spea, na muuze tangu siku ya kwanza, hata kama stoo yenu imejaa. Mtalaumiwa. Mtaambiwa mnauza msaada. Vumilieni.

Dawa ni tofauti, na msichanganye. Mtu wa ARV msimwambie achangie ili ajifunze kujitegemea. Huyo akikosa dozi anakufa, na virusi vinazoea dawa. Huko ni serikali inayopaswa kuiweka dawa kwenye bajeti yake kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na nyinyi kazi yenu ni kuwa wasumbufu pale halmashauri na bungeni hadi ionekane. Pigeni kelele huko kama mlivyokuwa mnapiga kwenye warsha za hotelini Dar es Salaam.

Na hilo la warsha. Taarifa zenu za robo mwaka mlikuwa mkiziandika kwa Kiingereza, kurasa nyingi, picha za rangi, zinakwenda Washington au Stockholm. Nioneshe kijiji kimoja kilichobandikiwa ukurasa mmoja wa Kiswahili kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji: tulipokea kiasi hiki, gari limekula kiasi hiki, posho kiasi hiki, kisima kiasi hiki. Mliogopa nini? Nadhani mliogopa mstari wa gari. Muuguzi wetu mzuri kabisa wa zahanati alichukuliwa na mradi mmoja kwa mshahara mara tatu, zahanati ikabaki na mhudumu. Sasa mradi umekwisha, na nafasi yake serikalini haipo. Sitautaja mradi wenyewe, wahusika wanajijua.

Wapo wanaofanya vizuri. Tangu sheria ya maji ya 2019 ilete RUWASA, wakala wa maji vijijini, na vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii, kuna vijiji ninavyovifahamu ambako fedha ya ndoo inakusanywa, inapelekwa benki, na fundi analipwa kwa risiti. Si vingi, na kuna wahasibu wa vyombo hivyo walioondoka na makusanyo. Lakini pale wizi ulipotokea watu walikuja juu, wakaitisha mkutano, wakamtoa mwenyekiti. Enzi zangu hakuna aliyekuja juu kwa mpira wa pampu wa Wafini. Nawashauri mkajifunze kwao kabla ya kwenda ubalozi wowote.

Andiko lenu jipya mlilonitumia nimelisoma. Ukurasa wa bajeti nimeutia kalamu nyekundu. Toeni gari, wekeni pikipiki mbili. Toeni semina tatu kati ya nne. Kifungu cha matengenezo mmekiandika "jamii itachangia" bila tarakimu: wekeni tarakimu, na wekeni sahihi ya mwenyekiti wa kijiji na ya huyo jamii mnayemtaja. Mkimaliza nileteeni nyumbani jioni yoyote isipokuwa Ijumaa, tulipitie pamoja.

Mzee wenu,
fundi maji mstaafu, Newala