Risala ya Klabu ya Historia na Maigizo kwa Mgeni Rasmi: Jiji la Rimali na Wanaoligombania

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Utamaduni wa Wilaya,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleykum! Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Pia tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunafahamu wingi wa majukumu yako, na kukubali kwako kuketi nasi hadi mwisho wa mchezo ni heshima kubwa kwa klabu yetu. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, muda mfupi ujao utaliona jukwaani jiji ambalo halimo katika ramani yoyote. Tumeliita Rimali. Ni jiji tajiri lililo katikati ya jangwa, halina mfalme, na pande tano zinagombea kuliongoza. Tumelibuni wenyewe, kuanzia jina lake hadi bei ya maji yake. Hata hivyo hatukulibuni bila msingi, na tunaomba kukueleza lilikotoka, ili wanafunzi hawa watakapoanza kupigiana kelele uelewe wanagombea nini.

Tulianza kwa kujiuliza mji wa jangwani unapata wapi utajiri. Haulimi vya kutosha, hauvui, na mvua hauioni. Jibu tulilipata Tadmur, mji wa kale wa Syria ambao Wagiriki na Warumi waliuita Palmyra. Tadmur ulijengwa penye chemchemi, kati ya pwani ya Mediterania na Mto Frati. Msafara uliotaka kulikata jangwa badala ya kulizunguka ulipita hapo, ukanywesha ngamia hapo, na ukalipa hapo. Wafanyabiashara wake walifika hadi bandari za Ghuba kufuata bidhaa za Bara Hindi, na hariri ya China imekutwa ndani ya makaburi yao.

Kilichotushika zaidi ni jiwe moja. Mwaka 137 baraza la Tadmur lilipitisha sheria ya ushuru ikachongwa kwenye jiwe kwa lugha mbili, Kigiriki na Kiaramu cha mji huo. Jiwe hilo lilionekana tena mwaka 1881, na sasa lipo katika jumba la makumbusho la Hermitage, St Petersburg. Mzigo wa ngamia wa mafuta ya manukato yaliyotiwa katika chupa za alabasta ulilipiwa dinari 25 ukiingia mjini. Mafuta hayo hayo yakiwa katika viriba vya ngozi ya mbuzi, dinari 13. Matumizi ya chemchemi mbili za mji, dinari 800. Mtumwa mmoja, dinari 22. Binadamu ameorodheshwa pamoja na mafuta na ngozi, na hatukutaka kulifunika jambo hilo. Rimali nayo ina watumwa, na katika mchezo wetu wanasimama na kusema.

Sababu ya kuchonga jiwe lile imeandikwa hapo hapo juu yake. Sheria ya awali iliacha vitu vingi bila kuvitaja, watoza ushuru wakawa wanatoza kwa mazoea, na magomvi kati yao na wafanyabiashara yakawa hayaishi. Ndipo baraza likaamuru kila kitu kiandikwe na kiwekwe hadharani karibu na hekalu, ili mtoza ushuru asimzidishie mtu. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuliposoma hayo tulijua tumeshapata mchezo. Tulikuwa na watu wenye mali, watu wenye mamlaka ya kuitoza mali hiyo, na kati yao maandishi ambayo kila upande unataka kuyaandika yeye.

Pande za Rimali ni hizi. Wapo Wenye Maji, yaani koo zinazomiliki zamu za chemchemi. Wapo Wenye Misafara, wenye ngamia na wadeni mpaka ng'ambo ya jangwa. Wapo Wenye Daftari, waliokodi kazi ya kutoza ushuru. Wapo Wenye Ufunguo, wanaolinda hekalu na nyumba ya baraza. Na wapo Wenye Mikuki, wanaolipwa na wote kulinda njia. Hakuna upande unaoweza kuishi bila mwingine, na hakuna unaompenda mwenziwe.

Wenye Maji tuliwatoa Ghadames, mji wa Libya ulio karibu na mipaka ya Tunisia na Algeria. Ghadames uligawanyika mitaa ya Bani Walid na mitaa ya Bani Wazit, na pande zote mbili ziliishi kwa chemchemi moja, Ain al-Faras. Maji yaligawanywa kwa muda. Palikuwa na chombo kidogo chenye tundu chini. Kilijazwa, kikaachwa kivuje, na kila kilipokwisha mlinzi alifunga fundo kwenye ukuti wa mtende. Idadi ya mafundo ndiyo haki ya shamba lako.

Katika mazoezi tulitumia kopo la maziwa ya unga tulilolitoboa kwa msumari. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayeigiza mlinzi hakupewa neno hata moja la kusema. Siku moja kopo likiwa linavuja, ukoo mmoja ukalalamika kwamba fundo limefungwa mapema, ukoo wa pili ukadai limechelewa, na wote wakamgeukia yeye. Hayo hayakuwemo kwenye maandishi yetu. Waigizaji waligombana kweli. Yeye alitazama kopo, akangoja tone la mwisho, akafunga fundo, akalijaza tena. Kelele zikakatika. Tuliliandika upya onyesho la pili usiku ule ule, kwa sababu tulikuwa tumeona kwamba tajiri wa Rimali anaweza kununua zamu ya mwenzake, lakini kila mtu mjini anahitaji kumwamini yule anayehesabu.

Wenye Ufunguo tuliwapata kwa msaada wa wenzetu waliosoma madrasa. Makka kabla ya Uislamu ilikuwa mji wa biashara usio na mfalme, katika bonde lisilo na kilimo, na Makureshi, kabila la mji huo, walipeleka misafara Yemen na Shamu (Syria) kwa misimu. Qusayy, mkuu wao wa kale, aliwakusanya Makureshi na kuanzisha Dar al-Nadwa, nyumba ya kushauriana. Baada yake kizazi cha wanawe, Abd al-Dar na Abd Manaf, kilizozana: nani ashike ufunguo wa Kaaba, nani abebe bendera, nani awanyweshe na kuwalisha mahujaji? Upande mmoja ulichovya mikono katika bakuli la manukato wakala kiapo, wakaitwa Mutayyabun. Upande wa pili nao ukaapa kivyake, wakaitwa Ahlaf. Panga zilikuwa karibu kabisa kutoka. Walichofanya ni kugawana: kunywesha na kulisha mahujaji kukaenda kwa wana wa Abd Manaf, ufunguo, bendera na nyumba ya baraza vikabaki kwa wana wa Abd al-Dar.

Tumelipa jambo hili nafasi kubwa mchezoni, na tunaomba uliangalie kwa makini. Ufunguo wa mlango mmoja unaonekana kitu kidogo ukiulinganisha na ngamia elfu. Lakini mgeni aliyekuja kuhiji na kuuza anaheshimu mahali patakatifu kabla hajamheshimu tajiri yeyote, na amani ya mahali hapo ndiyo inayofanya soko lifunguliwe. Tumechukua pia kisa cha mfanyabiashara wa Yemen aliyeuza bidhaa zake Makka akanyimwa malipo na mkubwa mmoja wa mji, akapaza sauti hadharani kudai haki. Baadhi ya koo zilikutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an zikaapa kusimama na kila anayedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Kiapo hicho ndicho Hilf al-Fudul, na Mtume Muhammad (S.A.W.) alikihudhuria akiwa kijana. Kwa heshima ya dini hatuigizi watu hao. Tumechukua mgeni aliyedhulumiwa tu, tukamweka katika lango la Rimali.

Hata pwani yetu haikukosa mambo haya. Lamu ilikuwa na pande zake mbili, Zena na Suudi, na ushindani wao ulikuwa sehemu ya siasa ya mji. Anayetaka kuelewa Rimali na hana nafasi ya kusoma habari za Syria anaweza kuanzia hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, palizuka mjadala mkali ndani ya klabu kama Rimali iwe na mafuta ya petroli. Wengine walitaka minara ya vioo na magari ya kifahari kama picha wanazotumiwa na ndugu zao walioko Dubai. Tulikataa. Utajiri ukichimbwa chini ya miguu yako unaweza kuupata hata ukiwa umegombana na dunia nzima. Utajiri wa njia unakutaka upatane na msafara usioujua, usiku, ukiwa umechoka, maana ukimdhulumu leo mwakani atapita kwingine. Tulitaka watu wanaolazimika kupatana. Mwaka 21 koo mbili za Tadmur, Bani Komare na Bani Mattabol, zilimsimamishia mtu mmoja sanamu, na maandishi yake yanasema ni kwa sababu aliongoza na kufanya amani kati yao. Sanamu ya mpatanishi, katika mji wa matajiri! Ipo na Rimali, katikati ya jukwaa, na hakuna onyesho ambalo haionekani.

Wapo waliotuuliza kwa nini shule iigize magomvi ya madaraka badala ya jambo la kujenga. Tunawaheshimu, na jibu letu ni mwisho wa Tadmur wenyewe. Kwa vizazi vingi mji ule uliishi kwa baraza, koo na wakuu wa misafara. Katika karne ya 3 Roma ilidhoofika, Waajemi wakaishinda vitani, na Odaenathus wa Tadmur akawa mlinzi wa mashariki yote. Alishinda, na kila ushindi ulimwongezea cheo. Aliuawa mwaka 267. Mjane wake Zenobia akatawala kwa jina la mtoto wao, majeshi yake yakaiteka Misri mwaka 270, na mwaka 272 Aurelian, mfalme wa Roma, akamshinda. Mji ulipoasi tena mwaka 273 aliuteka na kuupora, na biashara yake kubwa haikurudi.

Zenobia tunamheshimu, wasichana wa klabu walisoma habari zake kwa hamu kubwa kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini tunaona, na hili ni letu wenyewe, kwamba mji ulioshinda mambo mengi kwa kugawana ulipotea miaka michache tu baada ya kila kitu kuwekwa katika nyumba moja. Magomvi ya barazani yalichosha watu, na yaliulinda mji pia. Mkuu wa Wenye Mikuki utakayemwona leo si mtu mbaya. Ni shujaa, anapendwa, na kila anapoomba madaraka kidogo zaidi ana sababu nzuri ya kuomba. Tulijitahidi sana aaminike, na tunatumaini wapo watakaompigia makofi. Baraza lifanye nini naye, hilo utaliona mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mchezo huu tunautoa kwa heshima ya mzee Khaled al-Asaad, aliyesimamia mambo ya kale ya Tadmur kwa miaka 40. Mwezi Agosti 2015 wapiganaji walioteka mji huo walimuua akiwa amevuka umri wa miaka 80, na mwezi huo huo wakalipua hekalu la Bel lililowekwa wakfu mwaka 32. Yale tuliyoyasoma na kuyageuza kuwa Rimali yalifika kwetu kwa sababu ya watu kama yeye, waliokaa na mawe hayo maisha yao yote.

Klabu yetu ina changamoto. Vitabu vya historia ya Asia ya Magharibi na Afrika Kaskazini kwa Kiswahili hatuna, na tafsiri tulizotumia tulizifanya wenyewe kwa kusaidiana na walimu. Mazoezi tunayafanyia bwaloni, hivyo tunasubiri chakula cha jioni kiishe na kuondoka kabla ya muda wa kulala. Taa za jukwaani ni za kuazima.

Kwa hiyo tunaomba, kwanza, utusaidie kupata kibali na usafiri ili mchezo huu uonekane katika shule nyingine za wilaya yetu. Pili, ofisi yako itushauri namna ya kuuchapisha mswada pamoja na orodha ya ushuru wa Rimali, ambayo tunaamini ingefaa kusomwa na wanafunzi wa historia na wa biashara. Tatu, utusaidie kupata vitabu, hata vichache. Sisi kwa upande wetu tumeshaanza kuandika habari za miji ya pwani kwa kuwahoji wazee, na tutakuletea nakala.

Tunamshukuru Mkuu wa Shule kwa kuturuhusu, mwalimu mlezi kwa kukesha nasi, mafundi cherehani waliotushonea mavazi kwa bei nafuu, na wazazi waliotuchangia vitambaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kukukabidhi risala hii, kisha tunaomba ridhaa yako ili lango la Rimali lifunguliwe.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Historia na Maigizo