Kuhusu ile albamu uliyonitumia

Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Za huko? Sisi wazima, joto tu ndilo halitupi nafuu. Jana nimekesha na Technique, ile albamu ya New Order, bendi ya Waingereza. Uliniambia ni disko tupu, mtu anacheza na kusahau. Nimeisikiliza mara nne, na sikubaliani nawe hata kidogo.

Kumbuka walikotoka. Kwanza walijiita Joy Division, vijana wa Manchester waliozaliwa na punki, ile roki ya kelele na hasira, muziki wao mzito kama wingu la masika. Mei 1980 mwimbaji wao, Ian Curtis, akajiua siku moja kabla ya safari yao ya kwanza ya Marekani. Waliobaki wakabadili jina wakawa New Order, wakaenda New York hivyo hivyo, na usiku wakawa wanaingia klabu. Walichosikia kule ndicho kilichozaa wimbo wao "Blue Monday" mwaka 1983.

Basi 1988 wakafunga safari hadi Ibiza, kisiwa cha Hispania chenye klabu nyingi, kurekodi Technique. Studio walikuwa nayo, lakini usiku walikuwa Amnesia, ukumbi usio na paa wakati ule, DJ Alfredo akichanganya hausi (muziki wa klabu wa midundo ya mashine), roki na chochote kilichompendeza mpaka jua liwachomozee vichwani. Walirudi Uingereza na kazi kidogo mno, wakaja kuimalizia kwenye studio ya mwanamuziki Peter Gabriel, kijijini Box. Wapo wanaosema Ibiza walipoteza muda. Mimi naona albamu ilipikwa kule kule, pale ukumbini.

Vaa visikilizi uweke wimbo wa "Mr. Disco" humo kwenye albamu. Mdundo unakimbia, vinanda vinameremeta, na Bernard Sumner, mwimbaji wao, kwa sauti yake nyembamba, anaimba kwamba amemtafuta mtu Ibiza, Majorca, hadi Benidorm, sehemu za mapumziko za Hispania, asimwone. Mwanaidi, huyo amesahau nini? Halafu sikiliza gitaa la besi la Peter Hook wa bendi hiyo. Haitulii chini zinakokaa besi nyingine. Anaipandisha juu kabisa, inaimba kama mtu wa pili anayemjibu mwenzake. Mguu wangu ulikuwa unapiga sakafu na machozi yananitoka.

Ilipotoka Januari 1989 ikawa albamu yao ya kwanza kushika namba moja Uingereza.

Irudie usiku, watoto wakishalala, na wimbo wa "Vanishing Point" usiuruke. Kisha nipigie, hata ikiwa saa sita.

Nisalimie mama sana.

Wako,
Zuhura