Mama, ile asali ya Nuru

Leipzig, Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta wazima wote, wewe, Baba Mdogo na watoto. Mimi sijambo, baridi imeanza lakini nimeshaizoea. Hela ya bati nimemtumia Salimu tangu Jumanne, nyingine itafuata mwisho wa mwezi. Fundi asianze upande wa jikoni mpaka zitimie, msije mkarudia yale ya mwaka juzi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikisikia tu sauti yako nakubali kila unachosema, kama nilivyokubali siku ile.

Ulinipigia unalia, kwamba wifi kakunyang'anya kijiko cha asali uliyokuwa unampa mwanawe Nuru, mbele ya Mama Hoza, mkamwana wa juzi anakufundisha kulea, wewe uliyelea sita. Nikasema mpe simu. Nikamsema sana, mama. Nikamwambia sisi sote tumekua kwa asali na tangawizi yako na hakuna aliyedhurika. Akasema "sawa wifi", basi, akakurudishia simu.

Wifi hakukosea. Na kinachoninyima usingizi ni kwamba nilijua hivyo wakati ule ule namsema.

Tulifundishwa mwaka wa pili, nilipopelekwa wodi ya watoto. Asali huweza kuwa na mbegu za kijidudu kimoja. Mimi na wewe tukizila zinapita tu. Utumbo wa mtoto ambaye hajatimiza mwaka bado hauna nguvu ya kuzizuia, zinachipua humo ndani na kutoa sumu inayolegeza mwili. Choo kinafunga, mtoto ananyonya kwa shida, kilio kinakuwa chembamba, shingo haishiki, na mwisho hata pumzi inashindikana. Ugonjwa wenyewe wanauita botulizimu. Hautokei mara nyingi, ndiyo maana wewe hukuuona kwetu sita. Na usiseme utaichemsha, maana moto wa jikoni hauziui mbegu hizo. Nuru ana miezi saba. Akitimiza mwaka mpe, tena mpe kwa raha, kwa sababu asali kweli inatuliza kikohozi. Uingereza mwaka 2018 mwongozo wao kwa madaktari uliitaja asali kuwa ya kuanza nayo kwa kikohozi cha kawaida, kabla ya kukimbilia antibayotiki, ambazo kwa mafua hazina kazi, mafua ni virusi.

La pili ni nyungu. Salimu ameniambia mmemfukiza Nuru chini ya khanga, na mkaratusi ndani. Mama, tafadhali. Wodini nilimkuta mtoto wa miaka mitatu aliyevuta ukingo wa bakuli la maji ya moto ya kujifukiza, nyumbani kwao, mama yake kakaa pembeni yake kabisa. Ngozi ya paja ilikuwa inatoka kama ganda la nyanya iliyochovywa maji ya moto. Nilimshika mkono wakati wanambadilishia bandeji. Tangu siku ile nikiona mvuke karibu na mtoto moyo unanipasuka. Na yale mafuta ya mkaratusi ya kichupa yawekwe juu kabatini, mtoto akiyameza ni sumu.

Nuru akiziba pua, matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa yanatosha, na anyonye mara kwa mara. Akihema haraka, au mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi, au akikataa ziwa, hapo hakuna kungoja asubuhi, mchukueni mwende Muheza hospitali usiku huo huo.

Usije ukadhani mwanao amefika Ulaya akaanza kudharau dawa zako. Mwezi uliopita wafanyakazi wenzangu karibu wote walikuwa wanapiga chafya. Nikachemsha kama unavyochemsha wewe: tangawizi ya kuponda na maganda yake, mdalasini, karafuu nne, pilipili manga, limau mwishoni baada ya kuepua. Nilipeleka chupa mbili za chai zamu ya usiku, hazikufika saa saba. Mkuu wetu wa zamu aliomba nimwandikie, nikamwandikia kwa Kijerumani, na juu kabisa nikaweka jina lako. Sikuwaambia inaponya, mafua yanaisha yenyewe ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Lakini koo linafunguka na mwili unapata joto, nani asiyetaka hilo?

Kuna bibi mmoja hapa, ana miaka 91. Utotoni mama yake alikuwa anakata kitunguu maji, anakimwagia sukari, anakiacha usiku kucha kitoe maji, asubuhi kijiko kimoja cha kikohozi. Na kujifukiza wanajua, ila wao wanatia maua ya kamomili na kujifunika taulo. Nilimwambia natoka karibu na Amani, Wajerumani walikoanzisha kituo chao cha mimea mwaka 1902. Akanishika kiganja, akaniuliza kama mdalasini wetu unanukia kweli. Nikamwambia kile kijiti tulichokuwa tunatafuna njiani kwenda shule, nikashindwa kuendelea.

Halafu sikia hili. Duka la dawa hapa wanauza matone ya mafua na kikohozi, Umckaloabo, kichupa kidogo tu, kwa bei ya kuku wa kienyeji. Ni mzizi wa Afrika Kusini na Lesotho! Mwingereza mmoja, Charles Stevens, alikwenda kule mwaka 1897 na kifua kikuu, mganga wa Kibasotho akamnywesha, akarudi kwao na kuanza kuuza. Miaka mingi baadaye kampuni ya huku ikapewa hataza, yaani haki ya peke yao, juu ya namna ya kutengeneza dawa ya mzizi huo. Watu wa mji wa Alice, Afrika Kusini, wakapinga, na 2010 ofisi ya hataza ya Ulaya ikaifuta. Nilisimama mbele ya kabati lile nimekasirika mpaka machozi. Kwa hiyo ujuzi wako nauthamini, mama. Asali tu, na mvuke, kwa Nuru.

Nimefaulu mtihani wa mwisho. Miaka mitatu, na mimi ni muuguzi kamili, cheti nitakituma picha. Nilitaka hilo liwe la kwanza kukuandikia, nikaona siwezi kujisifu uuguzi kabla sijasema haya mengine.

Mama Hoza akija Dar Desemba, mpe mdalasini wa magome, usiwe wa kusaga, na karafuu za mwaka huu, kuna mtu atazipokea.

Nitapiga Jumapili saa kumi. Simu awe nayo wifi kwanza, nataka kumwomba radhi, nawe uwe umekaa hapo usikie.

Mwanao,
Zuhura