Nyonga iliyovunjika haisubiri kikao cha familia

Mhariri,

Katika wodi ya mifupa ninamofanya kazi ya uuguzi, kauli inayonichoma kuliko zote ni hii: "Mwacheni apumzike, umri wake si wa kisu tena." Husemwa kwa huruma, mara nyingi na mtoto mkubwa, ambaye ndiye anayesikilizwa. Mzee kateleza usiku akienda msalani, mguu umefupika na kugeukia nje, eksirei imeonyesha nyonga imevunjika. Familia inaomba siku nne za kushauriana.

Kupumzika kwenyewe ndiko huku: kila tukimgeuza kubadili shuka, ncha za mfupa zinasuguana, anapiga kelele. Basi hataki kuguswa. Asipogeuzwa, ngozi ya matakoni na visiginoni inachimbika, makohozi yanatuama hadi nimonia, damu inaganda kwenye mishipa ya miguu. Wapo wanaoanza kuwaita watu waliokwisha kufa.

Wengi hudhani mfupa huo utaunga wenyewe kama wa mkono. Ukivunjika kwenye shingo ya paja, mishipa inayolisha kichwa cha mfupa mara nyingi hukatika, na kichwa kisichopata damu hufa. Ndiyo maana mara nyingi daktari hukitoa na kuweka cha bandia. Ukivunjika chini kidogo ya hapo, damu ipo. Huwekwa bamba na skrubu kubwa, au fimbo ya chuma ndani ya mfupa. Huu wa pili kweli waweza kuunga bila upasuaji, kwa wiki nyingi za kulala chali mguu ukivutwa kwa uzito. Mzee wa miaka 85 azimalize salama?

Upasuaji una hatari zake, na wengine hufa hata baada ya kupasuliwa vizuri. Ila tupime hatari zote mbili. Mwongozo wa Uingereza unataka mgonjwa apasuliwe siku aliyofika au inayofuata. Utafiti uliotolewa mwaka 2020, wenye wagonjwa karibu 3,000 katika nchi 17, ulijaribu kuharakisha upasuaji ufanyike ndani ya muda wa saa 6 hivi tangu mvunjiko kugunduliwa. Vifo havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa, ingawa waliowahishwa walichanganyikiwa akili kwa uchache zaidi na kusimama mapema. Zingatieni kwamba wale "waliocheleweshwa" walingoja kama siku moja tu.

Nusukaputi nayo hutisha watu, na mara nyingi ganzi ya mgongoni hutosha.

Hata mzee ambaye hakuwa akitembea hufaidika: maumivu hupungua, anaogeshwa bila kulia. Ninayemwacha nje ya hoja hii ni yule aliye katika siku zake za mwisho kabisa.

Ombi langu kwa madaktari: mnapoiambia familia hatari za kupasua, watajieni na za kutopasua, katika mazungumzo yaleyale, siku ileile. Na mkimruhusu mgonjwa, mwandikieni dawa ya kuimarisha mifupa. Nyonga ya pili bado ipo.

Muuguzi, wodi ya mifupa