Uvimbe wa shingo usikimbiziwe CT kwanza

Mhariri,

Kazi yangu ni kupiga picha katika hospitali moja hapa Mombasa, na kuna jambo linanikereketa roho. Watu wenye uvimbe shingoni wanatujia na fomu ya CT (mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili tabaka kwa tabaka) mkononi, familia ishachangishana kwa M-Pesa, na ukiuliza kama wamepigwa altrasaundi, yaani picha ya mawimbi ya sauti, jibu ni hapana.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Likoni. Nilimpa maji, nikamwambia apige funda moja. Alipomeza, uvimbe ulipanda ukashuka. Hivyo ndivyo ufanyavyo uvimbe wa tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, kwa kuwa tezi hiyo imeshikana na bomba la hewa. Sasa kwa uvimbe kama wake, CT haiwezi kukata shauri kama ni saratani au si saratani. Itaonyesha ukubwa na mahali ulipo, basi. Altrasaundi ni nafuu, haina mionzi, na humwonyesha daktari kingo za uvimbe na vidoa vya chokaa vilivyomo. Ukitiliwa shaka, sindano nyembamba huchota chembe zikapimwe maabara. Na watu wasife moyo mapema: takriban tisa kati ya kila uvimbe kumi wa tezi hii si saratani.

CT ina mahali pake, tena pakubwa. Rovu, yaani tezi hii ikivimba, likiteremka nyuma ya mfupa wa kifua, altrasaundi hailioni, maana mawimbi ya sauti hayapenyi mfupa. Na mgonjwa wa saratani ambaye sauti imekauka, chakula hakishuki au anakohoa damu, daktari wa upasuaji lazima ajue kabla ya kushika kisu kama ugonjwa umeingia kwenye bomba la hewa au umezingira mishipa mikubwa ya damu.

Lililo zito zaidi kwangu ni ile dawa tunayodunga mshipani ili picha ing'ae. Ina iodini nyingi, na tezi hii hufyonza iodini kwa pupa. Ikishashiba, iodini ya mionzi wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya tezi baada ya upasuaji, ili iue mabaki, haiingii sawasawa, na matibabu husubiri mwezi mmoja au miwili. Sisemi anayehitaji dawa hiyo anyimwe. Afadhali kungoja kuliko kupasuliwa na mtu asiyejua ugonjwa umefika wapi. Lakini mgonjwa aambiwe kabla ya kudungwa, na tarehe iandikwe kwenye faili lake. Akitumwa Nairobi, daktari wa huko atajuaje alichopewa huku?

Nawaomba madaktari wanaotuletea wagonjwa waandike swali wanalotaka lijibiwe. Fomu yenye maneno "uvimbe wa shingo" peke yake haituambii kama tuishie shingoni au tushuke hadi kifuani, wala kama tudunge dawa au tusidunge.

Mpiga picha za hospitali,
Tudor, Mombasa