KUH: Malalamiko kuhusu vitako vya antena za kulazwa

Kwa Meneja Mkuu,

Salamu. Naandika kwa adabu, ingawa karakanani kwenu sikuiona.

Mchoro wangu wa kitako cha kulaza antena ya meli ya kivita ulisema wazi: steinlesi 316, chuma cha pua kinachostahimili chumvi ya bahari. Mkatumia 304, inayostahimili chumvi kidogo kuliko hiyo, bila kuniuliza. Utaratibu wenu wa kubadilisha vifaa mnaujua wenyewe. Kusi haijaisha, bawaba zishatoa madoa ya kutu, na antena yenyewe ni fimbo ya mita 10 inayoyumba na meli usiku kucha.

Siku ya kukabidhi, nilipouliza mkanda wa shaba uko wapi, msimamizi wenu alininyang'anya mchoro mbele ya maofisa wa meli, akasema, "Mzee, wewe chora, chuma tuachie sisi," kisha akaufanya kitambaa cha kupangusia grisi.

Mkanda huo si pambo, huunganisha pande mbili za bawaba ili umeme upite. Bawaba ni kiungo kinachocheza. Ikiingia kutu, umeme wa redio haupiti sawasawa na mapokezi hujaa mikwaruzo. Nyinyi mkaipaka na rangi! Tundu la pini nalo limepekechwa pana, antena ikisimama inagonga. Hilo nililisema mapema, hata kabla ya rangi, nikajibiwa kwamba baharini kila kitu hugonga.

Narudia, msije mkadhani natia chumvi. Msimamizi wenu alijipangusa kidole kimoja kimoja, kwa karatasi yenye vipimo na jina langu, huku anacheka, na kijana wa kuchomelea akacheka naye. Ofisa mmoja aliinamisha macho. Mimi mtu mzima nikavuka feri ya Likoni na karatasi ya grisi mkononi, abiria wananitazama.

Nilikuwa nataka vitako vitengenezwe upya tu, kwa chuma kilichoandikwa. Sasa nataka na msimamizi huyo aniombe radhi kwa maandishi, na nakala iwafikie maofisa walewale. Gharama ya kung'oa na kufunga upya ni yenu. Salio la malipo silitoi.

Nawapa siku 7. Zikipita, wakili wangu atawaandikia, na mchoro wenye alama za vidole vyake utakwenda mahakamani pamoja na kipande cha bawaba yenu. Kipande ninacho tayari.

Wenu,
Mchoraji wa vitako
Likoni, Mombasa